Afya ya Nyumbani: Uvimbe wa Titi Ukiisha Kukatwa

Mwezi huu twataka kunena juu ya kansa ya titi, ambayo wengine huiita saratani, na hasa juu ya wale waliokwisha kukatwa uvimbe, au walioambiwa kwamba yawapasa kukatwa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo wanayoyauliza wagonjwa siku zote, na ndiyo jamaa zao wanayoyanong'ona nje ya mlango. Tumeona ni heri yajibiwe waziwazi, maana neno linalonong'onwa halina wa kulisahihisha.

1. Je, si kweli kwamba kansa ikiguswa na kisu huamka na kuenea?

Sivyo. Maneno haya yametokana na kuona jambo pasipo kujua sababu yake. Mwanamke huuficha uvimbe wake mwaka mzima, hata ngozi ipasuke, ndipo apelekwe hospitali. Hukatwa, na baada ya miezi michache hufariki; nao majirani husema, "Kisu ndicho kilichomwua." Lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kutawanyika mwilini kabla hajatoka nyumbani kwake. Kadhalika msiiogope sindano ya kutoa kipande kidogo cha uvimbe. Pasipo kipande hicho daktari hawezi kujua kama ni kansa, wala ni ya namna gani, wala dawa gani itaifaa.

Hofu ya kisu si ya leo. Frances Burney, mwandishi wa Uingereza, alikatwa titi mjini Paris tarehe 30 Septemba 1811, kwa ajili ya uvimbe ambao madaktari walisema ni kansa. Siku zile dawa ya usingizi ilikuwa haijatumika bado huko. Alipewa mvinyo tu anywe. Habari za maumivu yale alimwandikia dada yake kwa barua ndefu. Naye akaishi hata mwaka 1840, akafariki mwenye umri wa miaka 87. Leo mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, asisikie kisu hata kidogo.

2. Kama uvimbe wote ulitolewa, yawezaje kansa kurudi?

Mwaka 1889 Stephen Paget, daktari wa London, alitazama habari za wanawake 735 waliokufa kwa kansa ya titi. Aliona kwamba ugonjwa haukuviangukia viungo vyote sawasawa, bali ulipenda vingine kuliko vingine, kama vile ini na mifupa. Akaufananisha na mbegu zinazochukuliwa huko na huko, lakini humea tu katika udongo unaozifaa. Ninyi mnaoujua mfano wa mpanzi mtalielewa neno hili upesi.

Daktari hukata uvimbe pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, ili asiache shina. Lakini chembe chache, ndogo zisizoonekana kwa jicho wala kwa picha, huenda zilikwisha kuondoka zamani kwa njia ya damu, au kwa mirija iendayo kwenye tezi za kwapani. Zaweza kulala miaka mingi, kisha zikaamka. Basi ugonjwa ukirudi, mara nyingi ni mbegu iliyotangulia kisu, wala si kisu kilichoipanda.

3. Mbona mwenzangu alikatwa titi zima, nami nimekatwa uvimbe tu?

Mwishoni mwa karne ya 19 William Halsted wa Baltimore, huko Marekani, alifundisha kuondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Na madaktari wengi wakamfuata kwa miaka mingi. Baadaye Bernard Fisher, wa nchi iyo hiyo, alilijaribu jambo hili kwa wanawake 1,851, akatoa habari za miaka 20 katika mwaka 2002. Waliokatwa uvimbe peke yake waliishi sawasawa na waliokatwa titi zima. Lakini angalieni sana: kati ya wale waliobakiziwa titi pasipo kutibiwa kwa mionzi, yapata 39 katika kila 100 walirudiwa na kansa katika titi lile lile; waliotibiwa kwa mionzi walikuwa yapata 14 tu. Basi mtu aliyekatwa uvimbe tu, akaambiwa aende Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, kutibiwa kwa mionzi, asiseme safari ni ndefu. Safari hiyo ni nusu ya matibabu yake. Na wale wenye uvimbe mkubwa, au uliotawanyika katika titi, bado hushauriwa kukatwa titi zima.

4. Najiona mzima, kwa nini nimeze vidonge miaka mitano?

Kansa nyingi za titi hulishwa na homoni za mwanamke mwenyewe. Kwa kansa za namna hii kuna dawa iitwayo tamoksifeni, ambayo huzinyima chembe zilizolala chakula chao. Waliomeza kwa miaka mitano, vifo vyao kwa kansa hii vilipungua kwa yapata theluthi moja katika miaka 15. Wako dada zetu ambao, wakiisha kutoa ushuhuda wa kupona mbele ya kanisa, huona haya kuendelea na vidonge, wasije wakadhaniwa kuwa hawana imani. Twawasihi wasiviache. Mkulima ashukuruye kwa mvua haachi kupalilia.

5. Je, ugonjwa ukirudi, ni kwa sababu ya dhambi yangu?

La, hasha. Chembe iliyolala haimwulizi mtu amesali mara ngapi. Wamerudiwa wacha Mungu, na wamepona wasiomjua. Anayemwambia mgonjwa neno hili humwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Na anayemtafutia mchawi humpotezea siku na fedha.

6. Nitajuaje kwamba umerudi?

Nenda ukaangaliwe kila miezi mitatu hadi sita katika miaka mitatu ya kwanza, kisha kwa nafasi kubwa zaidi kama daktari atakavyosema. Usingoje siku hiyo uonapo uvimbe mpya kwenye kovu, kwapani au juu ya mtulinga. Au maumivu ya mifupa yasiyokoma, kikohozi kisichoisha, pumzi fupi, macho kuwa manjano, au kukonda pasipo sababu. Ukirudi mahali pale pale, mara nyingi waweza kukatwa tena kwa tumaini la kupona. Ukiwa umefika mifupani au mapafuni, kwa kawaida hauondoki kabisa. Lakini dawa zaweza kuuzuia, wengine kwa miaka, na maumivu yaweza kutulizwa.

Kwenu waume twasema neno moja. Mke aliyekatwa titi hutazama kwanza uso wa mumewe. Asione humo chukizo. Nanyi walimu, wafundisheni watu kwamba uvimbe usiouma ndio wa kuhofiwa upesi, maana kansa changa mara nyingi haiumi. Wengi wa wanawake wetu hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Aliye na uvimbe asingoje toleo letu lijalo. Na aende juma hili.