Matusi hayarekebishi programu

Januari 2022, Daniel Stenberg wa Sweden alipokea barua pepe iliyomtaka ajibu maswali kadhaa ndani ya saa 24. Stenberg ndiye mwanzilishi wa curl, programu huria ya kusafirisha data, iliyomo kwenye simu, magari na televisheni duniani kote. Waliomwandikia ni kampuni kubwa iliyotaka kujua kama kazi yake imeguswa na tundu la usalama la Log4j, programu ya kuweka kumbukumbu za mfumo, lililotangazwa Desemba 2021. Curl haitumii Log4j kabisa, na kampuni hiyo haikuwa mteja wake. Akawajibu kwamba atafurahi kuyajibu maswali yote wakishasaini mkataba wa huduma. Walipomrudia, walimwita David.

Kisa hicho kinachekesha, lakini vingine havichekeshi hata kidogo. Mwaka mmoja kabla, Stenberg huyohuyo alipokea ujumbe wa kutishiwa kuuawa kutoka kwa mtu aliyeamini kwamba curl ndiyo chanzo cha masaibu yake.

Anayetumia programu huria kwa kawaida hajamlipa mtu. Leseni nyingi zinatamka wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Wanaoitunza mara nyingi ni mtu mmoja au wawili, usiku, baada ya kutoka kwenye kazi inayowalipa. Maoni yetu ni kwamba adabu kati ya watu hao na wanaowaletea taarifa za hitilafu ni sehemu ya kazi yenyewe ya kurekebisha. Ikikosekana, wanaohatarika ni sisi sote.

Anayebisha na atazame yaliyoipata xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, karibu peke yake na bila malipo. Mwaka 2022 watu fulani walianza kumwandama hadharani: mbona mabadiliko yanachelewa, na kama amechoka, mbona hamwachii mwingine? Collin alieleza kwa upole kwamba afya ya akili imekuwa ikimsumbua kwa muda mrefu, na kwamba kazi ile anaifanya kwa kujitolea. Hawakumwonea huruma. Baadaye alimpa madaraka msaidizi aliyejiita Jia Tan, na kuanzia Februari 2024 matoleo mapya ya xz yakatoka yakiwa na mlango wa siri wa kumwingiza mvamizi kwenye seva za watu.

Wachunguzi wengi wanaamini kwamba waliomkaripia Collin walikuwa kitu kimoja na huyo Jia Tan. Kejeli zao zilikuwa silaha, na silaha hiyo ilifaa kwa sababu haikuwa ngeni. Watunzaji wa programu huria wamezoea kusemwa hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Aliyetuokoa ni mtu aliyejua kuandika ripoti. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa kwa kama nusu sekunde kuliko ilivyo kawaida. Wengi wetu tungesema mtandao leo mzito, tukaendelea na shughuli. Yeye alichimba mpaka akafika kwenye xz. Kwanza aliwatahadharisha faraghani wanaoshughulikia usalama wa mifumo ya Linux, kisha tarehe 29 Machi 2024 akaitangaza ripoti yake. Ilitaja matoleo yenye tatizo, dalili zake, namna ya kuzipima, mazingira ambamo tatizo hujitokeza, na mambo ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajayajua. Siku hiyohiyo wenye mifumo ya Linux wakaanza kuwataka watumiaji warudi kwenye toleo la zamani.

Hiyo ndiyo adabu tunayoitetea. Sisi tumelelewa kwa salamu ndefu, nazo ni nzuri, lakini anayeripoti hitilafu mstari mmoja wa salamu unamtosha. Heshima kubwa zaidi ni kumpunguzia mwenzako kazi.

Tuseme karani katika kituo cha afya anatumia DHIS2, mfumo huria ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Tanzania na Kenya huutumia kukusanya takwimu za afya. Anaweza kuandika: "Mfumo wenu mbovu, umekula data zangu, rekebisheni haraka." Mtengenezaji hana pa kuanzia hapo, hata angekuwa malaika. Lakini karani huyo anaweza pia kuandika: "Natumia Chrome kwenye Windows 10, na namba ya toleo la mfumo ipo kwenye picha. Nilifungua fomu ya mteja mpya, nikajaza sehemu zote, nikabonyeza kuhifadhi. Nilitarajia ujumbe wa kuthibitisha, badala yake ukurasa umebaki mweupe. Nimerudia mara tatu na hali ni ileile. Nimeambatisha picha ya skrini, jina la mteja nimelifunika." Ripoti ya namna hii inamwezesha mtu aliye Oslo kuliona tatizo kwa macho yake kabla hajauliza swali hata moja.

Wapo wanaonyamaza kwa aibu kwamba Kiingereza chao ni cha kuombea maji. Waondoe hofu. Namba ya toleo, hatua zilizofuatwa na ujumbe wa kosa ulionakiliwa kama ulivyo havidai ufasaha. Wanaonung'unikia hitilafu kwenye kundi la WhatsApp la ofisi wajue kwamba mtengenezaji hayumo kwenye kundi hilo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ufasaha wenyewe siku hizi unaweza kuwa mzigo. Mwanzoni mwa mwaka 2026 curl ilifunga mpango wa kuwalipa wanaogundua matundu ya usalama, ulioanza mwaka 2019, baada ya kuzidiwa na ripoti zilizotungwa na akili unde. Nyingi zilikuwa ndefu, za lugha safi na ya heshima, zikieleza matundu ambayo hayapo. Anayetuma ripoti ambayo hakuihakiki anamwibia mwenzake saa zake, hata akiifunga kwa shukrani nyingi.

Watengenezaji nao wasijifanye miungu watu. Wapo wanaomfukuza mgeni kwa kumwambia akasome mwongozo, wanaocheka sarufi yake, na wanaoifunga ripoti bila neno. Utetezi wao wa siku zote ni kwamba ukali ndio unaolinda ubora, na hutaja Linux kuwa ushahidi. Basi na waimalizie hadithi. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991 na kusifika kwa barua za kuwashambulia wenzake, aliomba radhi hadharani Septemba 2018, akakaa kando kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za maadili. Alirudi mwezi uliofuata na Linux ikaendelea kukua. Kukataa msimbo mbovu ni wajibu wake, lakini kumdhalilisha aliyeuandika hakukuwahi kuongeza ubora wowote.

Hatudai mtengenezaji arekebishe kila kinacholetwa. Ana haki ya kusema hapana, na ana haki ya kulala. Tunachodai ni jibu. "Tumeiona, kwa sasa hatuna mtu wa kuishughulikia" ni sentensi moja tu, nayo inamheshimu aliyeripoti kuliko miezi sita ya kimya. Akiifunga ripoti, aseme sababu. Akimkuta mgeni amekosea utaratibu, amwelekeze. Mgeni wa leo aliyepokelewa vizuri ndiye mara nyingi anayerudi kesho akiwa na marekebisho mkononi.

Tunatoa wito kwa vyuo vyetu vinavyofundisha kompyuta viweke uandishi wa ripoti ya hitilafu katika masomo ya mwaka wa kwanza. Wizara, benki na kampuni zinazoendesha shughuli zao juu ya programu huria zitenge fungu la kuwalipa wanaozitunza, kabla ya kuwatumia maswali ya saa 24. Nawe msomaji, programu ikikugomea, andika toleo, hatua ulizofuata na ulichokiona, itume kwa wahusika, na umshukuru atakayekujibu.