Kinga ya Kondoo Uani

Sikukuu ya Idi ikaribiapo, wako wakazi wa Bwiza wafungao kondoo uani. Wakumbuke kwamba mwanzoni mwa mwaka 2018 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini Burundi, na mbuzi wengi walikufa. Mnyama hushikwa na homa, hutoka kamasi, huharisha, kisha kichomi humwangusha. Maradhi haya hayamwambukizi binadamu, wala virusi vyake havina dawa. Kinga ni chanjo: sindano moja humlinda mnyama kwa miaka 3 au zaidi. Lakini hutolewa kwa mnyama mzima, si kwa aliyekwisha ugua, nayo huharibika kwa joto. Basi aitwe mganga wa mifugo mapema. Kondoo mgeni atengwe siku 21, asije akaliangamiza zizi la jirani.