Panya mwembamba na ini la mama mdogo

Wadau, leo mnisikilize kidogo. Jana kwenye semina jamaa mmoja katuambia kwa mbwembwe kuwa kuna dawa imeondoa mafuta kwenye ini la panya. Watu makofi! Mimi nikauliza: hao panya walilishwa nini? Kimya.

Jamani, sikuwa nachokoza. Kuna chakula cha maabara kisicho na methionini wala kolini. Mlishe panya wiki chache tu, ini linajaa mafuta na kuvimba. Kwa mwenye haraka ya kumaliza tasnifu, raha tupu! Ila panya huyo anakonda, na insulini yake haina mgomo. Sasa mama yangu mdogo, aliyeambiwa na daktari ini lake lina mafuta, ni mnene na ana kisukari. Wanafanana wapi?

Mpe panya chakula ambacho asilimia 60 ya nishati yake inatokana na mafuta: atanenepa, na insulini itamgomea kama mama mdogo. Lakini utasubiri miezi, na makovu kwenye ini huwa machache.

Sisemi tuwaache panya. Unachunguza makovu? Yule mwembamba atakufaa. Ila usimtumie kuwapa matumaini wagonjwa wa kisukari. Mwaka 2023 wataalamu waliubadili hata jina ugonjwa huu ili litaje hitilafu za umetaboli. Sisi bado tunashangilia panya aliyekonda!

Mama mdogo kasikia habari hizo, kaniuliza dawa inauzwa wapi. Nimjibu nini?

Haya, nawahi kipindi cha saa nane.