Kidonda Kimepona, Mshipa wa Bandia Bado Upo

Katika kazi yangu ya uuguzi huwauliza wazee wetu kama wamewahi kufanyiwa upasuaji. Wengi hujibu, "Zamani hiyo, mwanangu, nilishapona." Kidonda kweli kimepona, lakini mshipa wa damu wa bandia ungali ndani, na unaweza kuleta matatizo hata baada ya miaka 10.

Mshipa wa mguuni unaweza kuziba ghafla: mguu unauma, unakuwa wa baridi, unapauka na kufa ganzi. Hapo mna saa chache tu za kuuokoa. Bakteria nao huweza kuushambulia. Dalili ni homa isiyoisha, au uvimbe na usaha kinenani.

Hatari kubwa zaidi ni kwa aliyewekewa mshipa tumboni, kwenye aota, yaani mshipa mkuu wa damu. Miaka ikipita, unaweza kuusugua utumbo hadi utumbo utoboke. Mgonjwa hutapika damu kidogo au hupata choo cheusi kama lami, kisha damu husimama. Familia husema ni vidonda vya tumbo. Damu ikitoka mara ya pili, inaweza kuua.

Msingoje asubuhi. Pigeni simu ya dharura: 999 Uingereza, 911 Marekani, 9999 Oman. Neno la kwanza liwe, "Baba ana mshipa wa bandia." Hospitali ya ugenini haina faili lake la nyumbani. Barua ya upasuaji ipigeni picha, ikae kwenye simu ya kila mtoto.