Vakansi kubwa na mutoto mudogo

Wamama wa Kenya, vakansi kubwa imeingia. Mwezi wa 9, masomo yatakapoanza, watoto wataulizana: wewe ulitembea wapi?

Watu wanasifu maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Ni ya ajabu kweli. Lakini mutoto wa miaka 3 atakumbuka tu vumbi ya njia na kutapika. Mumupeleke kwanza kwenye zoo, hapa hapa Lubumbashi. Kwake, nyani wanaorukaruka wanatosha.

Muende wamama watatu ao wane pamoja. Pesa ya usafiri na ya kuingia muitoe kidogo kidogo katika likelemba ya wiki 4, ili hata asiye na kitu mutoto wake asibakie nyumbani. Asubuhi kungali baridi: mumuvalishe triko, mutaivua saa sita. Mubebe maji yaliyochemshwa na chakula cha nyumbani. Namba ya simu yenu muiandike ndani ya nguo yake. Mutoto akipotea katika watu wengi, woga unamusahaulisha hata jina la baba. Mama mumoja awe na kazi moja tu: kuhesabu watoto. Na mudogo akianza kusinzia, murudi. Siku yake imekwisha vizuri.