Kibao cha Kuchanganyia Rangi

Wazee walisema, Mchagua jembe si mkulima. Neno hilo lamfaa mtu atafutaye udhuru wa kutofanya kazi. Lakini halina maana ya kwamba jembe na shoka ni kitu kimoja. Kila kazi ina chombo chake, na mwenye kukosea chombo hupoteza fedha, na pengine huipoteza kazi yenyewe. Jambo hili huonekana wazi kwa wale wanaojifunza uchoraji. Wengi huuliza sana habari za rangi na brashi, wala hawaulizi neno juu ya kibao cha kuchanganyia rangi, ambacho wengine hukiita paleti.

Msomaji na amfikirie msichana wa shule ya sekondari huko Wote, katika Kaunti ya Makueni, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa sanaa. Mama yake ni muuza maembe sokoni. Fedha za maembe zilipokusanyika, msichana akanunua kibao cha mti chenye rangi ya kahawia na tundu la kidole gumba, mfano wa vile alivyoviona katika picha za wachoraji wa Ulaya. Rangi zake zilikuwa rangi za maji. Akachanganya buluu ya vilima vya mbali, akaiona ni hafifu; akaongeza, kisha akaongeza tena. Alipoipaka juu ya karatasi nyeupe, vilima vikawa vizito kama mawingu ya masika. Karatasi tatu nzuri zikaharibika namna hiyo, ikabaki moja tu.

"Mama," akasema, "labda mimi sikujaliwa kipawa."

Mama yake hakujua uchoraji, lakini alimjua mzee mmoja aliyekuwa akiandika majina ya maduka mjini. Wakaenda kwake. Mzee alikitazama kibao, akaitazama na karatasi, kisha akauliza: "Mwanangu, karatasi yako ni nyeupe, mbona kibao chako ni cha rangi ya udongo? Wewe hukukosa kipawa. Umekosa sahani."

Jibu la mzee huyo lina sababu zake. Rangi ya maji hupenya nuru kama kioo. Hung'aa kwa sababu ya weupe ulio chini yake. Ikiwekwa juu ya mti wa kahawia, weupe huo haupo, na jicho hudanganyika. Zaidi ya hayo, mti usiopakwa kitu hunywa maji pamoja na rangi. Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 kwamba rangi hubadilika machoni pa mtu kwa sababu ya rangi iliyo kando yake. Basi kanuni ya kwanza ni hii: kibao na kifanane na kile kitakachochorwa juu yake. Mwenye karatasi nyeupe achague kibao cheupe. Na yule ambaye kwanza hupaka turubai yake rangi ya kahawia au ya kijivu, achague kibao cha rangi hiyo.

Kanuni ya pili ni kwamba kibao kichaguliwe kwa kufuata aina ya rangi. Kwa rangi ya maji, sahani nyeupe ya kauri au ya enameli yatosha kabisa, nayo hupatikana katika maduka ya vyombo. Plastiki nyeupe ni nyepesi kuchukua, ila ikiwa mpya maji hujikusanya juu yake matone matone, na baadaye hushika madoa.

Rangi ya mafuta ndiyo inayopatana na kibao cha mti. Katika Ukambani mti wa kuchonga si jambo geni, kwa maana Mutisya Munge wa Wamunyu alieneza kazi ya kuchonga vinyago baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na mafundi hawajapungua. Fundi aweza kuchonga kibao chembamba cha mti mgumu, akakisugua kwa msasa, akakipaka mafuta ya kitani mara kadhaa, akikiacha kikauke kila mara, mpaka mti usinywe tena. Kibao kisichotayarishwa hivyo hunyonya mafuta ya rangi na kuiacha kavu.

Rangi ya akriliki ina tabia nyingine. Hukauka maji yake yanapotoweka hewani, na Wote ni mahali penye joto, na ukavu huzidi miezi ya Juni hadi Oktoba. Mchoraji aliyekwisha kuchanganya rangi ya uso wa mtu aweza kuikuta imekuwa ngozi kabla hajamaliza shavu moja. Dawa yake ni rahisi. Achukue bakuli pana la plastiki lenye kifuniko, atandike chini sifongo au kitambaa kilicholowa maji, juu yake aweke karatasi ya kuokea mikate, na juu ya karatasi hiyo ndipo achanganye rangi. Unyevu hupanda polepole, na bakuli likifunikwa rangi hudumu hata siku ya pili. Wala kipande cha kioo si kibaya, mradi kingo zake zimesuguliwa zisikate vidole. Rangi iliyokauka juu yake huloweshwa na kubanduliwa.

Iko na rangi ya kung'aa inayopakwa baiskeli na milango. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora Dar es Salaam kwa rangi ya namna hiyo, juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari. Alifariki mwaka 1972, lakini uchoraji wake ungali unafuatwa na wengi. Rangi hiyo hutiririka, kwa hiyo mikebe midogo ndiyo kibao chake. Asiitumie mtu juu ya plastiki nyembamba, kwa kuwa dawa za kuizimua huweza kuila.

Yafaa pia kuangalia ukubwa. Kibao kidogo mno hulazimisha rangi kuingiliana, na yote huishia kuwa tope. Anayechora amesimama na akishike kibao mkononi kwa muda kabla ya kukinunua, aone kama mkono utachoka. Na mwenye kutumia mkono wa shoto ahakikishe kwamba tundu la kidole lamfaa. Rangi zipangwe kwa utaratibu ule ule kila siku ili mkono uzizoee. Baada ya kazi, kibao kipanguswe kwanza kwa kitambaa, ndipo kioshwe kwa maji machache. Na maji hayo machafu yasimwagwe karibu na mashimo ya maji mtoni. Sahani iliyotiwa rangi isirudi tena mezani, kwa kuwa rangi nyingine zina risasi au kadimiamu, ambazo ni sumu.

Mtu asione haya kwa kuwa kibao chake ni chombo cha jikoni. Katika pango la Blombos, Afrika ya Kusini, wataalamu walichimbua mwaka 2008 makombe mawili ya baharini yenye mabaki ya rangi ya udongo mwekundu, iliyochanganywa humo yapata miaka 100,000 iliyopita. Watu wale walitumia kilichokuwa karibu, nacho kiliwafaa.

Msichana wa Wote alirudi nyumbani akaomba sahani moja nyeupe. Mama yake akampa, akisema, "Mwanangu, hii sasa ni yako, usituletee tena chakula ndani yake." Akachanganya buluu, akaijaribu kwanza pembeni mwa karatasi iliyoharibika, kisha akaichukua ile karatasi ya mwisho. Vilima vikakaa mbali, mahali pake. Kile kibao cha mti hakukitupa. Alikipaka mafuta, akakiweka mpaka siku atakapopata rangi za mafuta.