Hayo si Mafua

Kila Aprili, Waswahili tunaoishi Uingereza huanza kupigiana simu kuhusu macho yanayowasha na pua zinazotiririka. Ushauri tunaopeana una nia njema, lakini mwingi ni potofu na unawafanya watu waumwe bure. Najibu yale ninayoyasikia kila mwaka.

Kwanza: "Sisi tuliozaliwa Afrika hatupati mzio wa chavua." Mwaka wa kwanza huenda usipate. Mwili hujenga mzio kwa kukutana na kitu mara kwa mara, na wageni wengi huanza kuumwa baada ya kupitisha misimu kadhaa hapa. Shemeji yangu alikaa miaka minne salama. Wa tano, akiuma tofaa bichi, midomo na koo vikawa vinamwasha. Tofaa lililopikwa halimdhuru. Ni alama inayojulikana ya mzio wa mti wa mbirchi: protini ya tofaa inafanana na ya chavua yake, na moto huivunja.

Wengine hulaumu maua. Wakiona micheri imechanua barabarani, wanavuka upande wa pili. Lakini maua ya kuvutia yanawaita nyuki, na chavua yake ni nzito na hunata. Mti unaotegemea upepo hauna haja ya kujipamba. Tafuta mbirchi: mti wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi, wenye vishada vyembamba vinavyoning'inia kama viwavi. Siku kavu, gusa kimoja kwa kidole: vumbi la manjano litafuka kama moshi na kutua kwenye mkono wa shati lako. Kishada hicho kimoja kina mamilioni ya chembe.

"Mtaani kwangu haupo." Haidhuru. Upepo hubeba chembe hizo mamia ya kilomita. Denmark hupokea chavua kutoka Poland na Ujerumani, wakati mwingine kabla mibirchi yake yenyewe haijachanua.

"Mvua imenyesha, toka tu." Manyunyu ya kutwa nzima, sawa: huosha hewa. Ila jua likirudi kesho yake, vishada vilivyozuiwa na mvua hufunguka kwa pamoja. Na dhoruba ya radi ni hatari kabisa. Upepo wake husukuma chavua karibu na ardhi, unyevu huipasua, na vipande vidogo hupenya hadi mapafuni. Melbourne, tarehe 21 Novemba 2016, safari hiyo ikiwa chavua ya nyasi, watu 10 walikufa kwa pumu na maelfu walikimbilia hospitali. Mwenye pumu akisikia radi msimu wa chavua, aingie ndani na afunge madirisha.

Lakini dai linaloniuma zaidi ni hili: "Utabiri wa chavua ni kubahatisha." Mtambo wa kupimia hufyonza lita 10 za hewa kwa dakika na kuipitisha kwenye utepe wenye gundi unaosogea milimita 2 kwa saa. Mtaalamu hukata milimita 48, yaani siku nzima, akaziweka chini ya hadubini na kuhesabu chembe. Kwa hiyo hesabu ni ya jana daima. Ya kesho sharti itokane na hali ya hewa: joto lililojikusanya tangu baridi ipungue huonyesha vishada vitafunguka lini, ukavu na upepo huonyesha vitamwaga kiasi gani. Wingi wa msimu mzima nao uliamuliwa kitambo, kwani vishada vya kiume huundwa kiangazi cha mwaka uliotangulia, na kiangazi chenye joto huzaa vingi. Mti uliozaa mno mara nyingi hupumzika mwaka unaofuata.

Udhaifu upo, nakubali. Kituo kimoja huwakilisha eneo kubwa, wala hakijui mti ulio dirishani mwako. Basi andika siku ulizoumwa, uzilinganishe na ngazi iliyotangazwa. Msimu ukiisha utajua "wastani" ya watabiri ina maana gani puani mwako.

Na usingoje kuumwa ndipo utafute dawa. Ya kupuliza puani hufanya kazi polepole. Yafaa kuanza wiki mbili hivi kabla ya msimu, na utabiri ndio unaokupa tarehe. Shemeji sasa anaanza Machi. Julai iliyopita nilimwonyesha vishada vya mwakani, vya kijani, vigumu, vimeshashika kwenye ncha za matawi.